Babu wa Muheza bado anauliza kuna nini kwenye gome lake: barua ya wazi kwa Waziri wa Afya na Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia

Waheshimiwa Mawaziri,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni fundi sanifu wa maabara. Kwa miaka kumi na minne kazi yangu imekuwa kusaga magome, mizizi na majani ya miti dawa, kuyaroweka, kuyachuja, na kutafuta ndani yake kile kinachotibu. Sina cheo cha kuniketisha nanyi meza moja, ndiyo maana nawaandikia hadharani.

Mwezi wa Februari 2019, kabla masika hayajaanza, tulikwenda kijiji kimoja cha Muheza, chini ya milima ya Usambara Mashariki. Mganga mmoja, mzee wa umri wa kuitwa babu, alitupokea na kututangulia msituni. Tulibeba panga, akatuambia tuliache chini. Alitoa kisu kidogo cha jikoni, akabandua gome upande mmoja tu wa mti, upana wa viganja viwili, halafu akachota udongo mbichi akalikandika lile jeraha. "Mti ukiuvua nguo zote unakufa," alisema, akasogea mti mwingine. Tulihama mti hadi mti mpaka zikatimia kilo tatu na nusu. Kutwa nzima.

Gome hilo anawapa wenye utando mweupe mdomoni na wenye vidonda visivyokauka. Analiloweka kwenye maji baridi usiku kucha na wala halichemshi kabisa. Nilipomuuliza kwa nini, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini chai inatiwa majani. "Ukilichemsha linalala," akajibu. Mti wenyewe sitautaja hapa. Hatujaandikiana chochote na babu, na hilo nalo ni sehemu ya malalamiko yangu.

Naomba mnivumilie nieleze kilichofuata, kwa sababu naamini wengi wanaopitisha bajeti hawajawahi kuiona kazi hii kwa macho. Tulilianika gome kivulini wiki tatu, tukalisaga kwenye kinu, tukaliroweka kwa zamu katika viyeyushi vitatu. Tulianza na heksani, inayobeba mafuta na nta, tukafuata dikloromethani, tukamalizia na methanoli, ambayo inachukua karibu kila kilichosalia. Kila maji ya kuroweka yanachujwa, kisha kiyeyushi kinafukizwa taratibu kwenye chupa inayozunguka ndani ya maji ya nyuzi 40, hewa ikiwa imenyonywa ili kichemke bila moto mkali. Kinachobaki chini ya chupa ni lami nzito. Ya kwetu ilikuwa ya kahawia, inawasha pua kama pilipili manga. Tulipoiweka kwenye sahani zenye fangasi, lami ya dikloromethani ilisafisha duara pana kuliko zote. Nakumbuka mwanafunzi wetu wa shahada ya uzamili alivyoibeba sahani ile kutoka chumba hadi chumba kuwaonyesha watu.

Hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza, maana lami hiyo ni kampaundi mamia, yaani kemikali mbalimbali za mmea, zilizochanganyika. Unajaza mrija mrefu wa kioo kwa unga wa silika, unaweka lami juu, unamimina viyeyushi kidogo kidogo, na kila kampaundi inateremka kwa mwendo wake. Ukikaa nao mrija huo unaona mistari ikijitenga, wa njano ukitangulia, wa kijani ukifuata, na kati yao sehemu isiyo na rangi ambayo mara nyingi ndiyo unayoitafuta. Unakinga matone katika vichupa, chupa baada ya chupa. Siku moja inaweza kukupa vichupa 200. Kila kimoja unakipima kwa tone kwenye bamba lililopakwa silika, unakiangalia chini ya taa ya urujuanimno, unaunganisha vinavyofanana, unarudia mrija mwingine mwembamba zaidi. Silika iliisha mara mbili na mara zote mbili tulisubiri miezi. Mwishowe, kutoka kilo tatu na nusu za gome la babu, zilibaki miligramu 11 za fuwele nyeupe. Ukipiga chafya umezipoteza.

Tukakwama. Kujua fuwele hiyo ni kitu gani kunahitaji mashine ya NMR, inayosoma kwa nguvu za sumaku jinsi atomu zilivyoshikana, na nyingine ya kupima uzito wa molekuli. Mahali ninapofanya kazi hatuna hata moja. Mhadhiri wetu aliomba msaada kwa rafiki yake ng'ambo, tukatuma miligramu 6, tukapanga foleni nyuma ya kazi za wenyewe. Jibu lilipokuja lilisema sampuli haijatakata vya kutosha, tutume nyingine zaidi.

Nyingine ya kutosha haikuwepo, tulibaki na miligramu 5 tu na vichupa vya mrija. Wikiendi moja umeme ulikatika Ijumaa jioni, jenereta halikuwa na dizeli, na Jumatatu asubuhi nilipofungua friza nilikuta maji yamesimama kwenye trei na vichupa vyetu vimegeuka, vilivyokuwa na rangi ya maji ya limau vimekuwa rangi ya chai. Nilivihesabu vyote kabla sijamwita mtu: 64. Mwanafunzi yule alimaliza shahada yake kwa kuandika habari za lami tu, na leo anauza dawa za mifugo.

Babu hupiga simu kila baada ya miezi kadhaa. Namwamkia, ananiitikia marahaba, ananiuliza watoto, halafu: "Mwanangu, lile gome mlilikuta na nini?" Miaka yote hii namjibu, "Bado tunaangalia, babu."

Waheshimiwa, swali la babu ndilo swali langu kwenu. Tunazo taasisi. Muhimbili imekuwa na kitengo cha utafiti wa dawa za asili tangu 1974. Tunayo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya 2002 na Baraza lake. Tunao wakemia waliosomea kazi hii hasa, hapa na kwa jirani zetu wa Nairobi, na mtandao wao wa NAPRECA, unaounganisha watafiti wa kampaundi za asili Afrika Mashariki na Kati, umekuwepo tangu miaka ya 1980. Lakini sehemu kubwa ya kazi inaishia kwenye lami. Tunaandika kwamba mmea fulani "umeonyesha uwezo" dhidi ya vijidudu, makala inachapishwa, rafu inapokea chupa nyingine, basi. Safari ya kutoka kwenye lami hadi kwenye kiambata kimoja, yaani kampaundi moja iliyotengwa, chenye jina na umbo linalojulikana ndiyo ghali, na hiyo ndiyo isiyo na mlipaji.

Najua yupo atakayesema: dawa ya asili inafanya kazi ikiwa nzima, mzungu ndiye anayetaka kuikatakata. Nalisikia sana, na waganga wenyewe wananiambia. Ni kweli kwamba mara nyingine viambata kadhaa vinasaidiana na ukivitenganisha nguvu inapungua. Hata hivyo huwezi kulijua hilo kabla hujavitenganisha na kuvijaribu, kimoja kimoja na kwa pamoja.

Watazameni Wachina. Mwaka 1967 walianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria, na mtafiti Tu Youyou akaingia mwaka 1969. Timu yake ilipitia mamia ya dawa za kale. Mmea wa qinghao, ambao sisi tunauita artemisia, ulikuwa ukitoa majibu mazuri leo na kushindwa kesho. Akarudi kwenye maandishi ya tabibu Ge Hong wa karne ya 4, ambaye aliagiza konzi moja ya qinghao ilowekwe kwenye maji, ikamuliwe, inywewe. Hakutaja moto. Tu akatambua kwamba joto ndilo lililokuwa likiua dawa. Akatumia etha, ambayo inachemka kwenye nyuzi 35 hivi, na Oktoba 1971 ekstrakti (kamuo la mmea) namba 191 ikasafisha vimelea vyote vya malaria kwenye panya. Mwaka uliofuata yeye na wenzake waliinywa wenyewe kwanza kuhakikisha haina madhara, na kabla mwaka haujaisha walikuwa na fuwele za artemisinini mkononi. Dawa mseto ya ALu, iliyoanza kutumika rasmi katika hospitali zetu mwaka 2006, imetoka kwenye fuwele hizo. Tuzo ya Nobel alipewa mwaka 2015.

Nilipoisoma habari ya Ge Hong kwa mara ya kwanza nilimkumbuka babu papo hapo. Ukilichemsha linalala. Mzee ambaye hajawahi kuiona maabara alitupa bure sharti la kitaalamu ambalo China iliwachukua watafiti miaka kuligundua upya. Kwa sababu ya neno lake tulifukiza kwenye nyuzi 40 na hatukuthubutu kupita hapo.

Na fuwele inatoa kitu ambacho majani hayawezi kutoa: kipimo. Majani ya artemisia ya shamba moja yanaweza kuwa na artemisinini mara mbili au tatu ya shamba la jirani, kutegemea mbegu, udongo na wakati wa kuvuna. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilitoa msimamo wa kutokubaliana na chai na unga wa artemisia kwa malaria: mgonjwa anapata dawa pungufu, na vimelea vinajifunza kuizoea. Kwinini ilipita njia hiyohiyo. Gome la mkwinini lilitumika Ulaya kwa karibu miaka 200, na tabibu hakuwa na namna ya kujua gome la leo lina nguvu kiasi gani, mpaka mwaka 1820 wafamasia Pelletier na Caventou wa Paris walipokitenga kiambata chake, dawa ikaanza kupimwa kwa mizani. Wajerumani waliupanda mti huo Amani, mwendo wa saa chache kutoka kwa babu.

Mwaka 2011 nchi hii ilielekea Samunge, Loliondo. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi, watu wakalala porini, wengine wakafia njiani, wote wakikifuata kikombe cha shilingi 500 cha Mchungaji Ambilikile Mwasapila kilichochemshwa kwa mti wa mugariga. Sitaki kumsema vibaya marehemu. Ninachokumbuka ni swali lililokuwa kwenye kila daladala na kila kijiwe: mle ndani kuna nini? Wapo wagonjwa wa VVU na wa kisukari walioacha dawa zao kwa imani ya kikombe kile. Nchi yenye maabara iliyo tayari ingewajibu wananchi wake ndani ya wiki chache kwa lugha wanayoielewa: kikombe kina hiki na hiki, kiasi hiki, kinafanya hivi, hakifanyi vile. Ingekuwa heshima kwa mgonjwa na kwa mchungaji pia.

Kutojua kilichomo huua pia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mjini Brussels, wanawake waliokuwa wakipunguza unene katika kliniki moja walipewa vidonge vya mitishamba ya Kichina ambamo mmea mmoja ulikuwa umebadilishwa na mwingine wa jamii ya Aristolochia, bila mtu kugundua. Figo zao zilikufa, na baadaye wengi wao wakakutwa na saratani ya njia ya mkojo. Asidi ya aristoloki ilikuwa inafahamika, na kipimo rahisi cha bamba kingeionyesha. Je, kwenye maduka ya dawa za asili Kariakoo, nani anaweza leo kuthibitisha kwamba unga wa kopo hili ni wa mti ulioandikwa kwenye lebo? Ili kuthibitisha unahitaji kiambata-alama kilichotengwa na kutambuliwa, kiwekwe ubavuni mwa unga huo na kulinganishwa nao. Tusipokuwa navyo viambata hivyo, mkaguzi anasoma lebo tu.

Wala msiambiwe kwamba kukamua na kutenga ni mambo ya wenzetu. Nendeni Mafinga, ambako kwa miaka mingi maua ya pareto ya wakulima wa Nyanda za Juu Kusini yanakamuliwa sumu yake kiwandani. Mkulima wa huko anajua kwamba bei yake inategemea maabara imekuta sumu asilimia ngapi kwenye maua aliyoleta. Anajua kukausha vibaya kunamla mfukoni. Nendeni Wawi, Pemba, kwenye kiwanda cha makonyo. Vile vikonyo vya karafuu ambavyo mtu angevitupa jaani vinapandishwa mvuke, na mafuta yake, yaliyojaa eujenoli, yanauzwa nje. Ndiyo harufu mnayoikuta kwa daktari wa meno. Ng'ambo ya ziwa, Bukavu, kwa miaka mingi gome la mkwinini la Kivu limekuwa likigeuzwa kuwa chumvi za kwinini kiwandani hapohapo. Kwenye bidhaa yenye mnunuzi anayeijua tayari, tunaweza. Tunachoshindwa ni kumgharimia mtu wa kutafuta bidhaa ambayo bado haina jina.

Halafu wengine wanakuja kulitafuta jina hilo kwetu. Mwaka 1977, wakemia walioshirikiana na kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, Nairobi, walitangaza kampaundi kutoka gome la Warburgia, mti ambao waganga wa Kenya na Tanzania wanautumia kwa kifua na kwa meno. Kampaundi hizo zilikuwa zinaua fangasi, na viwavijeshi vikionjeshwa vinagoma kula. Mojawapo iliitwa muzigadiali, kutokana na muziga, jina la kienyeji la mti wenyewe. Mimi neno hilo hunipa furaha na uchungu kwa pamoja. Jina letu limeingia kwenye vitabu vya kemia vya dunia, lakini mashine iliyolisoma umbo lake haikuwa yetu, na nusu karne baadaye bado tunafunga vichupa kwenye bahasha.

Sasa niseme ninachoomba. Naomba maabara moja ya taifa ya kutenga na kutambua kampaundi za asili, iwe ya wote: vyuo, taasisi za utafiti, Baraza la Tiba Asili, hata mganga anayekuja na gome lake. Isijengwe jengo jipya kama fedha ni chache, vyumba vipo. Kinachohitajika ni NMR moja nzuri, mashine ya kupima molekuli, umeme wa akiba wa uhakika, na fungu la kila mwaka la viyeyushi, silika na matengenezo ambalo halihamishwi kwenda kwenye posho za semina. Nalisisitiza hili la fungu la matengenezo kuliko yote. Nimeiona mashine ya msaada ikizinduliwa kwa utepe na picha, ikakaa kimya mwaka wa pili kwa kukosa kipuri cha bei ya pikipiki moja.

Sumaku ya NMR kubwa lazima izamishwe kwenye heli ya kimiminika, nyuzi 269 chini ya sifuri, mchana na usiku. Heli ikiisha sumaku inakufa na kuifufua ni gharama kubwa. Ndiyo hofu ya wakuu wengi wanapoombwa mashine hii, na ni hofu ya haki. Lakini nchi hii ndiyo ile ambayo mwaka 2016 ilitangazwa kuwa na hazina kubwa ya heli katika Bonde la Rukwa. Mnapoketi na wachimbaji kuandikiana mikataba, kumbukeni kuandika kwamba maabara za taifa zitapata mgao wake. Wakati tunangoja siku hiyo, zipo NMR ndogo za kukaa mezani zisizohitaji heli kabisa. Hazisomi kila kitu, lakini ingekuwepo moja chuoni kwetu mwaka ule tungejua mapema kwamba fuwele haijatakata, tungeitakasa kabla ya friza kuzimika.

Na ombi langu la pili linamhusu babu. Asikatiwe mganga gome hata moja na mtafiti wa chuo chochote kabla hajaandikiwa, kwa Kiswahili, nini kinachukuliwa, kitafanyiwa nini, atarudishiwa majibu lini, na kikizaa fedha yeye na kijiji chake watapata nini. Tanzania ni mwanachama wa Itifaki ya Nagoya ya 2010, mkataba wa kimataifa unaodai ridhaa ya namna hiyo na mgao wa faida. Kazi ya mkemia ikifanikiwa bila karatasi ya namna hiyo, babu atadhulumiwa kisheria kabisa, kwa sababu hataonekana popote. Oneni mwarobaini. Mwaka 1994 ofisi ya hataza ya Ulaya iliipa kampuni ya W.R. Grace na Idara ya Kilimo ya Marekani hataza, yaani haki ya kumiliki ugunduzi, ya dawa ya ukungu ya mafuta ya mbegu zake. Wahindi walipinga, wakaleta ushahidi kwamba wakulima wao walikuwa wakiyatumia mafuta hayo zamani. Hataza ikafutwa mwaka 2000, rufaa ikatupwa mwaka 2005. Miaka zaidi ya kumi, kwa watu wenye mawakili, wanasayansi na ushahidi mkononi. Babu wa Muheza ana kisu cha jikoni na kumbukumbu yake, na mwaka huu anasema macho yanaanza kumsumbua. Wanawe wako Dar es Salaam, hakuna anayemfuata msituni.

Nimebakiwa na miligramu 5 za fuwele, kwenye kichupa kilichofungwa kwa karatasi ya fedha, ndani ya friza ambayo sasa nimeiunganisha na betri niliyonunua kwa mshahara wangu. Februari ijayo, kabla ya masika, narudi Muheza kuomba gome lingine, na safari hii nakwenda na karatasi niliyoiandika mwenyewe ya kuwekeana saini na babu, ingawa sijui kama mwanasheria yeyote ataitambua.

Kama mmoja wenu atataka kuona, nafika maabara saa mbili asubuhi siku zote za kazi. Mrija upo mezani, na mistari yake inaanza kujitenga baada ya kama nusu saa.

Wenu katika utumishi,
Fundi sanifu wa maabara,
Dar es Salaam